Chiara, Jina la Nuru

Chiara ni jina ambalo Waitaliano huwapa binti zao tangu zamani sana. Sisi tuliozoea kusoma Kifaransa twaweza kudanganywa na herufi zake, tukatamka «Shiara». Sivyo: katika Kiitaliano ch husomwa k, na kina mama wa huko huita «Kiara!» mlangoni pa nyumba zao.

Asili yake ni neno la Kilatini clarus. Hapo kwanza lilihusu sauti isikikayo wazi, kisha likahamia machoni, likawa lenye kung'aa. Mwisho likawapata watu, likawa mashuhuri, mwenye ukoo mkubwa. Karne kwa karne vinywa vya Waitaliano viligeuza cl kuwa chi: clavis, yaani ufunguo, ukawa chiave, ecclesia, yaani kanisa, likawa chiesa, naye Clara akawa Chiara. Hata jikoni neno hili halikukosa kazi, maana ute mweupe wa yai nao huitwa chiara.

Aliyelipa jina hili heshima yake ni bikira wa mji wa Assisi, aliyezaliwa mwaka 1193 au 1194. Husimuliwa kwamba mama yake, Ortolana, alipokuwa mjamzito aliogopa hatari ya kuzaa, akasali mbele ya msalaba; akasikia kwamba atazaa nuru ya kuangaza ulimwengu. Ndipo akataka mtoto aitwe Chiara. Jina la mama mwenyewe nalo ni zuri: ortolana ni mwanamke mtunza bustani.

Lakini jina lile lilikuwa na maana mbili, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Jamaa zake, watu wa cheo, walitazamia ung'avu wa ukoo: ndoa ya fahari na mali. Binti alichagua nuru nyingine. Usiku wa Dominika ya Matawi, mwaka 1212 kama wengi wasemavyo, alitoka kwao kwa siri, akaenda katika kanisa dogo la Porziuncola, na Mtakatifu Fransisko akamkata nywele. Jamaa walimfuata kumrudisha kwa nguvu. Yeye akashika vitambaa vya altare, akafunua kichwa chake kilichonyolewa. Wakaondoka mikono mitupu. Siku chache baadaye mdogo wake, Caterina, akamfuata, na Fransisko akamwita Agnese. Ortolana naye, katika ujane wake, aliingia utawa ule ule wa San Damiano: mama akawa chini ya uongozi wa binti yake!

Huko aliishi miaka zaidi ya arubaini, akiwaomba Mapapa jambo moja la ajabu, yaani ruhusa ya kutomiliki kitu. Kanuni yake ilithibitishwa na Papa Innocent IV tarehe 9 Agosti 1253. Siku mbili baadaye akafa. Mwaka 1255 Papa Alexander IV alimtangaza mtakatifu, na barua yake ya kumtangaza huanza kwa kuchezea jina hilo: Clara, mwenye kung'aa.

Tangu hapo wengi wamelitwaa kwa ajili yake. Chiara Lubich wa Trento, aliyeanzisha chama cha Focolare, alibatizwa Silvia. Ndiye aliyempa msichana mmoja wa Sassello, Chiara Badano, jina la pili, Luce, maana yake nuru. Jina juu ya jina, nuru juu ya nuru. Msichana huyo alikufa kwa kansa ya mifupa mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 18, akatangazwa mwenye heri mwaka 2010.

Basi wazazi wakiona katika vitabu Klara, Clara, Claire au Chiara, wajue ni mtakatifu yule yule. Sikukuu yake ni tarehe 11 Agosti. Wazee wetu waliizoea tarehe 12, kabla ya kalenda mpya iliyotangazwa mwaka 1969.