Takwimu za wasemaji wa Kiswahili Marekani zinahesabu nini?

Habari inaposema jiji fulani la Marekani lina wasemaji kadhaa wa Kiswahili, mara nyingi chanzo chake ni dodoso la jamii ambalo Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo huliendesha mwaka mzima. Tangu 2005 dodoso hilo limechukua nafasi ya fomu ndefu ya sensa, na kila mwaka hupelekwa kwenye anwani zipatazo milioni 3.5. Ni sampuli kubwa, ila sampuli haigeuki kuwa hesabu ya vichwa. Dai langu ni kwamba mwandishi anayechukua jibu lazima alichukue na swali lake.

Swali lenyewe linamhusu mtu wa miaka 5 au zaidi: je, nyumbani huzungumza lugha nyingine isipokuwa Kiingereza, na ni ipi? Nafasi ya kujibu ni ya lugha moja. Mkongo anayezungumza Kibembe na wanawe, kisha Kiswahili kanisani, sokoni na kwa majirani, akiandika Kibembe basi Kiswahili chake hakionekani popote. Upande wa pili, majedwali ya umma tangu 2016 yanakiweka Kiswahili katika kundi moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Kishona kimo, Kinyarwanda kimo. Anayesoma neno la kwanza la kichwa cha safu na kuliacha lililobaki amewafanya Wazimbabwe kuwa Waswahili, na hospitali ikimwamini itaajiri mkalimani asiyeelewana na mgonjwa.

Kuna pia kiwango cha makosa, ambacho ofisi hiyo hukichapisha kando ya kila kadirio kwa uhakika wa asilimia 90. Tuchukue mfano wa kubuni: mwaka huu wasemaji 900, kosa 400 juu au chini, mwaka ujao 1,200, kosa 450. Kichwa cha habari kitatangaza ongezeko la theluthi nzima, ilhali tofauti hiyo ya 300 ni ndogo kuliko kosa la makadirio hayo mawili yakilinganishwa, hivyo hakuna ongezeko lililothibitishwa. Wahariri hujitetea kwamba nafasi ni finyu na msomaji huchoshwa na tahadhari. Sikubali. Kuandika “kati ya watu 500 na 1,300 huzungumza nyumbani Kiswahili au lugha nyingine za ukanda huo” hakuli hata mistari miwili.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kwamba data yenye mapengo kiasi hiki heri iachwe. Lakini tukiiacha, shule na zahanati zitapanga huduma kwa kukisia, na jamii ndogo ndizo husahaulika kwanza pale watu wanapokisia. Dawa ni kuchimba zaidi. Ofisi hiyo hutoa pia data ghafi za mtu mmoja mmoja, bila majina, ambamo Kiswahili kina msimbo wake peke yake. Gharama yake ni kwamba, ili kulinda siri za wahojiwa, maeneo hayashuki chini ya watu 100,000. Na janga la 2020 lilipovuruga ukusanyaji, ofisi yenyewe iliacha kutoa makadirio yake ya kawaida ya mwaka mmoja, ikatoa ya majaribio na kuyaita hivyo waziwazi.