Maji Machafu Huenda Wapi?

Ukimwaga beseni la maji ya kufulia hapa Kimali, ardhi huyanywa nawe wasahau. Lakini mjini, walikobanana watu maelfu, ardhi haiwezi kuyanywa yote. Je, huko yaenda wapi?

Tuutazame mji wa Mwanza, ambako wengi wetu tuna ndugu. Nyumba nyingi zimejengwa juu ya vilima vya mawe. Jiwe halichimbiki, hivyo mashimo ya vyoo huwa mafupi, nayo hujaa upesi. Mvua ikinyesha, wasio na haya huyafungulia, na uchafu hushuka hadi mto Mirongo, kisha ziwani. Na ziwa hilo hilo ndilo linaloupa mji maji ya kunywa, nasi linatupa samaki.

Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza, yaani MWAUWASA, imeleta msaada wa namna mbili. Kwanza, mabomba membamba yamelazwa kati ya nyumba za vilimani, kama Igogo na Mabatini. Hayataki handaki refu. Mteremko wenyewe huyachukua maji. Pili, yako mabwawa ya Ilemela. Katika bwawa la kwanza, lenye kina, uchafu mzito huzama na kuliwa na vijidudu. Katika la pili, jua huotesha mimea midogo ya kijani iyapayo maji hewa safi. Katika mabwawa ya mwisho, yasiyo na kina, jua huua vijidudu vya maradhi. Ndipo maji huachiwa yaende zake. Kazi hii haihitaji mashine kubwa. Yataka jua, nafasi na siku za kungoja.

Lakini mabomba hayawezi kujilinda. Mtu mmoja akitupa matambara chooni, bomba huziba, na uchafu huibukia mlangoni kwa jirani asiye na kosa.

Usiseme, “Hayo ni ya mjini.” Msimu mmoja wa mvua choo kilibomoka juu ya kisima chetu cha mchangani. Tulichota pale siku mbili kabla ya kutambua. Watoto wa nyumba tatu waliharisha, na mmoja wao alikuwa wangu. Usiku ule sikulala.

Sisi hatuna mabomba wala mabwawa. Mamlaka yetu ni jembe na akili. Basi chimba choo mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini. Funika tundu. Nawa kwa sabuni. Chemsha maji ya kunywa. Tena kumbuka: mto Simiyu, ambao mkoa wetu ulipewa jina lake mwaka 2012, nao huingia Ziwa Victoria. Tukiuchafua, twamchafulia ndugu yetu wa Mwanza maji yake, naye ameanza kuyatunza.

Je, msomaji, choo chako kiko upande gani wa kisima? Leo jioni, kabla ya giza, toka ukatazame.