Je, Wajua? PS2 Ilivyoikalia Kooni PS3

Wahenga walituachia kauli mbili zisizopatana: ya kale ni dhahabu, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Kampuni za mashine za gemu zimemwaga mabilioni kujua ipi kati ya hizo ni ya kweli. Je, mashine iliyopendwa kupita kiasi huharibu soko la mrithi wake? Twende nazo mojamoja.

Je, wajua kwamba Krismasi ya kwanza ya PS3 ya Sony ilitawaliwa na mtangulizi wake, PS2? Desemba 2006, kwa hesabu za NPD, kampuni inayofuatilia mauzo Marekani, ziliuzwa PS2 zipatazo milioni 1.4. PS3, iliyokuwa imeingia madukani Novemba 17, iliambulia kama 491,000. Xbox 360 ya Microsoft na Wii ya Nintendo nazo ziliachwa nyuma mwezi huo, na mshindi kati ya mashine za nyumbani alikuwa mkongwe wa mwaka 2000.

Wajua bei zilikuwaje? PS3 kubwa ilikuwa dola 599, ndogo dola 499. PS2 ilikuwa dola 129. Kwa fedha ya PS3 moja kubwa mtu angebeba PS2 nne na chenji ingebaki. Na hata kwa bei hiyo, kila PS3 iliyouzwa iliitia Sony hasara, kwa sababu kuitengeneza kuligharimu zaidi. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2007, kitengo cha gemu cha Sony kilipata hasara ya yeni bilioni 232.

Wajua mkongwe aliongoza hadi lini? Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2008, Sony ilisafirisha PS2 milioni 13.7 na PS3 milioni 9 na ushei. Ni mwaka uliofuata ndipo mrithi alipotangulia: PS3 milioni 10.1, PS2 milioni 7.9.

Lakini je, kila aliyenunua PS2 alikuwa mteja aliyeikimbia PS3? Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mzazi wa mwaka 2006 aliyemnunulia mtoto mashine ya dola 129 hakuwa na dola 599 mfukoni akaamua kuzirudisha. PS2 isingekuwepo, huenda angenunua baiskeli. Mnunuzi wa mwaka wa kwanza na mnunuzi wa mwaka wa saba ni watu wawili tofauti: wa kwanza anafuata upya, wa saba anangoja bei ishuke. Kuhesabu PS2 zote hizo kama PS3 zilizopotea ni kujidanganya.

Basi PS2 haikuidhuru PS3 kabisa? Iliidhuru, ila si pale watu wanapotazama. Madhara yalikuwa kwenye gemu. Mtengenezaji wa gemu huenda kwenye wateja, na mwanzoni mwa 2007 wateja walikuwa bado kwenye PS2, zaidi ya milioni mia moja. Zaidi ya hapo, chipu ya PS3, Cell, ilikuwa kazi ngumu kuiandikia programu. Kubaki na mkongwe kulikuwa na faida mara mbili.

Je, wajua kwamba Sony yenyewe ilifanya hivyo hivyo? God of War II, moja ya gemu zilizongojwa kwa hamu kubwa, ilitoka Machi 2007, miezi minne baada ya PS3 kuanza kuuzwa. Ilitoka kwa PS2. Studio iliyoitengeneza, ya Santa Monica, ni mali ya Sony. Mwenye nyumba alipika chakula kitamu zaidi akakipeleka chumba cha zamani, kisha akashangaa kwa nini wageni hawahamii sebule mpya.

Wajua kwamba PS3 za kwanza zilikuwa na PS2 ndani yake? Ndiyo, kihalisia. Zile za Japani na Marekani zilibeba chipu za PS2, hivyo diski nyingi za zamani zilicheza. Za Ulaya, Machi 2007, zilikuja na nusu ya chipu hizo, na gemu kadhaa zikagoma. Toleo la 40GB, mwishoni mwa 2007, halikusoma diski za PS2 hata moja, ili kupunguza gharama. Kuanzia hapo aliyekuwa na rundo la diski za PS2 hakuwa na sababu ya kumwondoa mkongwe chini ya televisheni.

Je, wajua kwamba PS2 nayo iliwahi kupigwa na mtangulizi wake? Julai 2000 Sony ilitoa PSone, PS1 iliyofinyangwa upya ikawa ndogo. Kwa muda wote uliobaki wa mwaka huo iliuzwa kuliko mashine nyingine zote, PS2 ikiwemo. Anayeamini kwamba mkongwe akiuza sana mrithi amekwisha, angeandika tanzia ya PS2 siku hiyo. PS2 ikaja kuuzwa kiasi cha milioni 160, rekodi ambayo haikuwa imefikiwa na mashine yoyote ya gemu.

Wajua PS2 ilikuwa na nini cha kuwavuta wateja? Ilisoma gemu za PS1 tangu siku ya kwanza, na hata memori kadi ya PS1 ilichomekwa palepale mbele, ili aliyekuwa katikati ya gemu ya zamani aendelee alipoishia. Juu ya hayo ilicheza filamu za DVD, wakati mashine za DVD bado zilikuwa ghali. Baba asiyejua hata kushika padi alikuwa na sababu ya kuinunua.

Je, wajua kwamba Atari ilipigwa na mashine yake yenyewe miaka ya 1980? Atari 2600 ya mwaka 1977 iliuzwa kiasi cha milioni 30. Mwaka 1982 ikaletwa Atari 5200, yenye picha bora zaidi. Kaseti za 2600 hazikuingia, na kifaa cha kuziunganisha kilichelewa. Kijiti chake cha kuongozea ukikiachia hakikurudi katikati, kwa hiyo mchezaji wa Pac-Man alikuta kidude chake kinaendelea kwenda upande ambao hakuutaka. 5200 iliuzwa kama milioni moja, ikaondolewa sokoni 1984. 2600, mkongwe aliyetakiwa kustaafu, aliendelea kuuzwa mpaka Januari 1992.

Wajua kwamba Nintendo iliwaaga mtangulizi na mrithi siku moja? Famicom ilizaliwa Japani 1983, na mrithi wake, Super Famicom, 1990. Zote mbili ziliacha kutengenezwa Septemba 2003. Miaka 13 ziliishi pamoja, na mrithi akauzwa milioni 49 bila kumwomba mkongwe ruhusa.

Je, kumuua mkongwe mapema husaidia? Muulize Sega. Mwaka 1995 iliielekezea mashine yake mpya, Saturn, nguvu zote ingawa mkongwe wake, Mega Drive, bado alikuwa na wapenzi tele Marekani. Krismasi ilipofika, Mega Drive zilipungua madukani. Tom Kalinske, aliyekuwa akiiongoza Sega ya Marekani, alikadiria baadaye kwamba zingeuzwa nyingine 300,000 kama zingekuwepo. Je, wateja hao walihamia Saturn ya dola 399? Hapana. Saturn ilimaliza safari na milioni 9 na ushei duniani kote, na Nintendo ikaendelea kuvuna kwa Super Nintendo na Donkey Kong Country.

Na Microsoft je? Nayo ilimzika mkongwe mapema, ila kwa sababu nyingine. Chipu ya picha ya Xbox ya kwanza ilitoka NVIDIA, na kampuni hizo mbili ziligombana juu ya bei. Kila Xbox ilikuwa hasara isiyopungua, kwa hiyo Xbox 360 ilipokuja Novemba 2005, ya kwanza haikuwa na wa kuitetea. Xbox 360 iliuzwa zaidi ya milioni 84. Lakini ilikuja mwaka mzima kabla ya PS3, kwa bei nafuu zaidi. Kaburi la mtangulizi halikuwa siri ya mafanikio yake.

Wajua kwamba mpya huweza kumuua mkongwe kabla hata hajafika? Mwaka 1983 kampuni ya kompyuta ya Osborne, California, ilianza kusimulia habari za mashine zake zijazo ilhali ya sasa bado ilikuwa dukani. Wanunuzi wakakunja mikono wakingoja, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikafilisika, ingawa ilikuwa na matatizo mengine pia. Sega haikujifunza: mwaka 1997 bosi wake wa Marekani, Bernie Stolar, alitamka hadharani kwamba Saturn si mustakabali wa kampuni. Mrithi, Dreamcast, alifika Marekani Septemba 1999. Zaidi ya miaka miwili tangu kuikana hadharani mashine yako mwenyewe.

Je, kusoma gemu za zamani kunatosha? Wii U inasema hapana. Wii iliuzwa milioni 101. Wii U ya Novemba 2012 ilisoma diski za Wii na kutumia hata padi zake, ikaambulia milioni 13.5. Nintendo ilipoitangaza mwaka 2011, macho yote yalielekezwa kwenye padi yake yenye kioo, na wengi wakadhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyo nayo nyumbani. Kana kwamba hiyo haitoshi, wiki chache baada ya Wii U kuanza kuuzwa ikatoa Wii mini nchini Kanada, isiyo na intaneti, kwa dola 99 za huko.

Wajua kwamba bei ikishuka, kilio huisha? 3DS ya Nintendo ilirithi DS iliyouzwa milioni 154. Ilianza kwa dola 249 mwaka 2011, ikadoda. Agosti mwaka huohuo ikashushwa hadi dola 169, na Satoru Iwata, rais wa Nintendo, akajikata nusu ya mshahara. Walionunua mapema wakafidiwa gemu 20 za bure. 3DS ikafikisha karibu milioni 76.

Je, wajua kwamba Brazil kuna mkongwe aliyegoma kabisa kustaafu? Master System ya Sega iliingia huko 1989 kupitia kampuni ya Tectoy. Iliishi kuliko Saturn na Dreamcast, na matoleo yake yakaendelea kuuzwa muda mrefu baada ya Sega yenyewe kuacha kutengeneza mashine.

Wajua gemu za mwisho za PS2 zilikuwa za nini? Mpira! FIFA 14 na PES 2014 zote zilitoka kwa PS2 mwaka 2013, kiwanda kikiwa kimeshaacha kuitengeneza. Mwenye kibanda cha gemu Dar es Salaam au Nairobi haoni ajabu. Yeye halipwi kwa uzuri wa nyasi za uwanjani, analipwa kwa mechi. Vijana wawili, padi mbili, benchi moja, na foleni ya wanaosema "anayefungwa anatoka". Mashine ya bei mara tatu haimletei mechi mara tatu.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 PS4 na PS5 zilikuwa sare? Sony iliwaonyesha wawekezaji kwamba kila moja ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 49 kwa mwezi, zaidi ya miaka mitatu baada ya PS5 kuanza kuuzwa. Walioganda kwenye PS4 walikuwa bado wananunua gemu kwenye duka lilelile la intaneti, kwa hiyo Sony haikulia.

Na mkongwe mwenye milioni 150, je? Ndiyo Switch ya Nintendo. Switch 2 ilipotoka Juni 5, 2025, ziliuzwa milioni 3.5 kwa siku nne, kasi ambayo Nintendo haikuwahi kuiona. Karibu gemu zote za mkongwe zinacheza ndani yake, na jina lake halikumchanganya mtu.

Mwisho, wajua ni lini hoja hii ilipimwa wazi? Mwaka 2009. Aprili, Sony iliishusha PS2 hadi dola 99. Agosti ikaishusha PS3 hadi dola 299. Kama mkongwe ndiye aliyekuwa akimnyima mrithi pumzi, PS2 ya dola 99 ingemmaliza. Mwaka wa hesabu ulipofungwa Machi 2010, PS2 zilizosafirishwa zilipungua kutoka milioni 7.9 hadi 7.3. PS3 zilipanda kutoka milioni 10.1 hadi 13.