Ukungu wa Negativu: Neno na Kipimo Chake

Neno ukungu lina maana zaidi ya moja. Mkaazi wa Mkuyuni, jijini Mwanza, huutaja ukungu wa asubuhi utandao juu ya Ziwa Victoria. Neno lilo hilo hulitumia kwa uotao juu ya mkate au ngozi iliyowekwa penye unyevu. Fundi wa picha ana maana ya tatu: weusi utokeao katika negativu pasipo kuletwa na mwanga wa kamera.

Maana hizi zikichanganywa, kazi huharibika. Ukungu uotao hula utando wa gelatini ubebao picha, nao huzuiwa kwa kuihifadhi filamu mahali pakavu. Ukungu wa fundi ni chembe za fedha zilizogeuzwa na dawa ingawa hazikuguswa na mwanga. Zimo ndani ya utando wenyewe. Ausuguaye kwa kitambaa huikwaruza picha, na ukungu hubaki. Kwa hiyo, katika ufundi huu, yafaa ule uotao uitwe kuvu, na ukungu liwe jina la weusi huo.

Weusi hupimwa kwa densitomita, chombo kipelekacho mwanga upande mmoja wa filamu na kupima utokao upande wa pili. Mwanga ulioingia hugawanywa kwa uliotoka, na logi ya jibu ndiyo kipimo. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Hurter na Driffield, huko Uingereza, katika maandishi yao ya mwaka 1890. Kipimo cha 0.30 maana yake nusu ya mwanga imepita, 1.0, sehemu moja ya kumi, 2.0, sehemu moja ya mia.

Hata filamu isiyopigwa picha ina kipimo, kwa kuwa plastiki yake nayo huzuia mwanga. Ili kutenganisha mambo haya, hukatwa vipande viwili visivyoona mwanga. Cha kwanza hutiwa katika dawa ya kukazia tu. Kipimo chake ni cha plastiki. Cha pili husafishwa kwanza, yaani hutiwa katika dawa idhihirishayo picha, kisha hukaziwa. Kipimo chake ni cha plastiki pamoja na ukungu. Mathalan, cha kwanza kikiwa 0.22 na cha pili 0.31, ukungu ni 0.09.

Joto na uzee huongeza ukungu, na sehemu za kivuli katika picha ndizo zipoteazo kwanza. Negativu ya zamani haina tena vipande hivyo viwili. Pambizo yake isiyo na picha hutoa jumla tu. Aiandikaye jumla hiyo kwa jina la ukungu huipa filamu lawama ambayo sehemu yake ni ya plastiki.