Kemia Ianzie Kwenye Majaruba ya Chumvi

Kila mwaka vijana wa Pwani na wa Visiwani huingia vyuoni kusoma sayansi, na somo la misingi ya kemia huwa ndilo chujio lao la kwanza. Atomu, moli, mlinganyo, umumunyifu: maneno hayo hukaririwa usiku na kusahauliwa mara mtihani umalizikapo. Si kwamba vijana wetu ni wazito wa akili. Wanafundishwa kemia kana kwamba ni habari ya nchi ya mbali, hali ya kuwa imetandazwa juani mbele ya macho yao.

Tuichukue Bagamoyo. Katika pwani yake yamo majaruba ya chumvi, ambamo maji ya bahari huingizwa na kuachiwa jua na upepo. Lita moja ya maji hayo ina gramu 35 hivi za chumvi za aina mbalimbali, wala hazitulii chini zote kwa pamoja. Kwanza hutuama chokaa kidogo. Maji yakibaki kiasi cha sehemu moja ya tano, jasi huanza kuganda. Yakikaribia sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi ya kula hujitokeza. Maji yanayosalia ni machungu kwa sababu ya magnesiamu, na mvuna chumvi hodari huyamwaga kabla hayajaharibu mavuno yake. Huyo anayajua kwa ulimi na kwa jicho yale ambayo mwanafunzi huandikiwa ubaoni kwa jina la umumunyifu. Na mwanafunzi akipimiwa gramu 58.5 za chumvi safi, akaambiwa kuwa hiyo ndiyo moli moja, yaani gramu 23 za sodiamu zilizoungana na gramu 35.5 za klorini, hataisahau upesi.

Mfano wa pili ni chokaa. Magofu ya Kaole, kusini ya mji wa Bagamoyo, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Na ng'ambo ya bahari, nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa vivyo hivyo. Katika tanuu, kilo 100 za mawe safi ya namna hiyo zikiungua sawasawa hutoa kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zilizobaki hupaa zikiwa hewa ukaa. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji hutoa joto kali na kuvunjika kuwa unga. Ikishapakwa ukutani, huinywa tena hewa ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe. Hapo mwanafunzi anajifunza kwa mizani kuwa maada haipotei, na kwamba mlinganyo ni hesabu ya mali iliyoingia na mali iliyotoka.

Elimu hii si ya anasa. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kuta zake zinahitaji mafundi wanaofahamu kwa nini saruji, kwa ugumu wake, huufungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa. Tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020 na kuua watu, hakuna mwananchi wa Visiwani anayehitaji kuelezwa thamani ya ujuzi wa majengo hayo. Tena tanuu hula kuni, na mikoko yetu imekwisha kulipa sana. Asiyejua joto kiasi gani lahitajika hawezi kujua kuni ngapi zinateketea bure.

Chumvi nayo ina deni lake. Mama mjamzito asiyepata madini joto ya kutosha humhatarisha mwanawe katika ukuaji wa ubongo. Kinachotakiwa ni makumi machache tu ya miligramu katika kila kilo ya chumvi, yaliyochanganywa sawasawa. Mzalishaji mdogo asiyejua kupima atatia pungufu huku na kuzidisha kule, na mlaji hatatambua kwa kuonja. Kazi hiyo yataka kijana aliyeielewa kemia yake ya mwanzo, si aliyeikariri.

Kati ya mwaka 2012 na 2015, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete, wananchi wa Bara walichanga fedha na nguvu zao ili kila sekondari ya kata ipate maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Ilikuwa juhudi kubwa, lakini kuta hazifundishi. Maabara isiyo na mizani, dawa wala mtaalamu ni chumba kama vyumba vingine. Hata suala la lugha haliwezi kuwa kisingizio cha milele, kwani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa elimu wa Bara na wa Zanzibar wafanye mambo matatu. Kila darasa la kemia lipate mizani inayofanya kazi kabla ya kununuliwa kingine chochote. Ziara ya majaruba na ya tanuu ihesabiwe kuwa somo, wala isiwe matembezi. Na wavuna chumvi na mafundi wa chokaa waalikwe kueleza kazi zao mbele ya wanafunzi, walipwe kama wakufunzi wengine wanavyolipwa. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Asali yetu imo humu humu pwani. Kilichobaki ni kuwafikisha vijana kwenye mzinga.