Dishi la Televisheni Lishuke Kutoka Juu ya Bati

Mtu akipita leo katika mitaa ya Buyenzi, Bwiza au Kamenge mjini Bujumbura, hakosi kuona madishi ya televisheni yaliyopangana juu ya mapaa. Mengine yamefungwa kwa waya kwenye boriti, mengine yamepigiliwa misumari katika bati, na mengine yanashikiliwa na matofali mawili matatu, kana kwamba upepo umeahidi kutovuma. Mvua zinapoanza mwezi wa Septemba, wenye nyumba huona mambo mawili kwa pamoja: picha imetoweka, na maji yanadondoka kitandani. Ndipo kijana wa nyumbani hupandishwa juu ya bati lililolowa ili akalisogeze dishi, huku walio chini wakimpigia kelele, “Kulia! Kushoto! Basi, hapo hapo!”

Desturi hiyo ni ya hatari. Bati lenye maji huteleza, na mara nyingi nyaya za umeme hupita karibu na paa. Tundu la msumari nalo huruhusu maji kuingia, bati likashika kutu na mbao zikaoza. Ndugu msomaji, dawa yake si ngumu. Dishi lishuke uani, lisimame juu ya nguzo ya chuma iliyozikwa ardhini kwa zege. Hapo hata mama wa nyumba ataweza kulifuta vumbi na kukaza parafujo bila kumwita mtu wala kupanda ngazi.

Pengine utauliza: je, dishi likiwa chini litaona setilaiti? Jibu linapatikana tukifahamu mahali setilaiti ilipo. Mwaka 1945 Arthur C. Clarke, mwandishi wa Uingereza, alieleza kwamba chombo kikiwekwa juu ya Ikweta katika kimo cha kilomita 36,000 hivi, kitaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha. Kwa hiyo mtu aliye chini atakiona kana kwamba kimesimama mahali pamoja. Mwaka 1964 setilaiti ya kwanza ya namna hiyo, Syncom 3, iliwekwa angani. Ndiyo maana dishi likishalengwa vema halihitaji kuguswa tena.

Sisi wakazi wa karibu na Ikweta tunayo bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Huko, setilaiti huonekana chini kuelekea upeo wa macho, na nyumba ya jirani yaweza kuizuia. Kwetu iko juu sana. Ukiwa Bujumbura, setilaiti iliyo kwenye nyuzi 36 Mashariki imeinuka kiasi cha nyuzi 81 kutoka usawa wa ardhi, yaani karibu na utosi, ikielekea kaskazini-mashariki. Ile ya nyuzi 7 Mashariki, inayoleta vituo vya Kiswahili kutoka Dar es Salaam, iko upande wa magharibi kwa kimo cha nyuzi 63 hivi. Ukuta wa ua unaolizidi dishi kwa mita 2 hauizuii hata hiyo ya pili, mradi nguzo iwe zaidi ya mita 1 kutoka ukutani. Adui mkubwa ni tawi la mwembe au mparachichi lililotanda juu. Tena kumbuka kwamba mti hukua: nafasi iliyo wazi leo huenda ikafungwa baada ya miaka mitatu.

Chagua basi mahali pakavu, mbali na njia ya watoto na pasipotuama maji. Jambo hili lina uzito kwa wale wanaoishi karibu na Ziwa Tanganyika na Mto Rusizi, ambao waliona mafuriko ya Gatumba mwaka 2020. Ardhi iliyolowa daima haishiki nguzo. Kabla ya kuchimba, hakikisha pia kwamba hapapiti bomba la maji wala waya wa umeme chini ya udongo.

Kwa dishi la upana wa sentimita 90, tafuta bomba la chuma lililopakwa zinki, lenye upana wa milimita 50 na urefu wa mita 2.25. Kanuni ni kuzika theluthi moja: sentimita 75 chini, na mita 1.5 juu. Mwombe fundi wa kuchomelea aunganishe vipande viwili vya nondo kwa umbo la msalaba karibu na mguu wa bomba. Bila msalaba huo bomba laweza kujizungusha ndani ya zege siku ya upepo mkali, na dishi likapoteza shabaha yake. Kichwa cha bomba kizibwe kwa kifuniko, ili maji ya mvua yasiingie na kulila chuma kwa ndani.

Shimo liwe na upana wa sentimita 40 kila upande na kina cha sentimita 85. Mwaga kokoto chini, unene wa sentimita 10, ili maji yapate pa kupenya, kisha simamisha bomba. Changanya zege kwa kipimo cha ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za kokoto. Mfuko mmoja wa kilo 50 watosha kwa kazi yote. Maji yasizidi, kwa maana zege jepesi kama uji halina nguvu.

Sasa yafika lile ambalo mafundi wa haraka hulipuuza: nguzo lazima isimame wima kabisa. Pima kwa timazi au pima maji upande wa mbele, kisha upande wa ubavuni, na urudie baada ya kumimina zege, maana bomba huegama wakati wa kushindilia. Nguzo ikiinama, vipimo vilivyoandikwa kwenye kishikio cha dishi vitakudanganya, na kila ugeuzapo dishi kulia au kushoto, kimo chake nacho kitabadilika. Kosa la uzi mmoja tu hapa uani ni sawa na kukosea shabaha kwa kilomita zaidi ya 600 kule angani.

Uso wa zege uinuke kidogo kuzunguka nguzo ili maji yateremke. Ulifunike kwa gunia na kulinyunyizia maji asubuhi na jioni. Usifunge dishi kabla ya siku tatu. Ukiweza kungoja juma zima, ni bora zaidi.

Siku ya kulenga, tafuta upande kwa dira, ukiishika mbali na nguzo, kwa kuwa chuma huvuta sindano yake. Hakikisha kwanza kwamba kishikio kinaweza kuinama hadi pembe inayotakiwa. Fahamu pia kuwa dishi dogo lenye umbo la yai hutazama juu kuliko linavyoonekana kwa macho, nyuzi 20 na zaidi. Fuata vipimo vya kishikio, wala usiamini jicho. Sogeza polepole, upana wa kidole, kisha ngoja sekunde chache, kwa sababu king'amuzi huchelewa kuonyesha nguvu ya mawimbi. Dishi kubwa la mviringo kamili lililoelekezwa utosini hukusanya maji kama karai. Toboa tundu dogo mahali pake pa chini kabisa.

Waya upite ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa kina kisichopungua sentimita 30, ukiwa mzima bila kiungo chochote chini ya ardhi. Kabla haujaingia nyumbani, uache ulegee na kushuka kidogo kama bembea, ili matone ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi kwenye king'amuzi.

Halafu kuna radi. Nchi zetu za Maziwa Makuu zimo miongoni mwa zile zinazopigwa sana na radi. Mwaka 2016 wataalamu walipotangaza orodha ya mahali penye radi nyingi duniani, Kabare ya Kivu ya Kusini, jirani zetu wa Kongo, ilishika nafasi ya pili baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kwa hiyo nguzo iunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini, na fundi wa umeme aiunge pamoja na waya wa ardhi wa nyumba. Hata hivyo, kinga hiyo haitoshi peke yake. Mawingu yanapojikusanya, chomoa waya wa dishi na wa umeme mapema. Ngurumo ikishaanza, usiguse.

Mwisho, tunawakumbusha akina mama na watoto kwamba nguzo hii si ya kuanikia nguo wala ya kufungia mbuzi. Kamba ya nguo ikivutwa kila siku huilegeza nguzo pole pole. Tena, mwishoni mwa Machi na Septemba, picha ikikatika mchana kwa dakika chache, usilisogeze dishi. Jua hupita wakati huo nyuma ya setilaiti na kuyafunika mawimbi yake. Likishapita, picha hurudi yenyewe.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mfuko wa saruji na siku chache za subira ni gharama, lakini hazilingani na mguu wa kijana uliovunjika kwa kuanguka kutoka juu ya bati. Jenga mara moja, jenga wima, nawe utazame habari za jioni ukiwa na amani.