Shimba Hills: Msitu wa palahala unaonywesha Mombasa

Na Mwandishi Wetu

WATOTO wengi wa mjini wakiulizwa maji hutoka wapi, watajibu upesi kwamba hutoka mferejini. Ukiwabana kidogo watasema ni ya tangi lililo juu ya paa. Si kosa lao. Nani aliyewahi kuwashika mkono akawapeleka kuona?

Kwa familia inayoishi Mombasa, au ile ya Nairobi inayoteremka pwani wakati wa likizo, jibu la swali hilo li karibu kuliko inavyodhani. Liko juu ya vilima vya Kwale, mwendo wa kilomita 33 hivi kutoka Mombasa, katika hifadhi ya Shimba Hills. Humo msituni mna chemchemi za Marere, ambazo maji yake yamekuwa yakiteremshwa kwa bomba hadi Mombasa tangu enzi za ukoloni. Kwale nao hunywa humo humo.

Hata hivyo, kila likizo mabasi ya shule hufurika Fort Jesus, huvuka feri, huwamwaga wanafunzi ufuoni, kisha hao wamerudi bara. Ni mabasi machache mno yanayokata kona pale Kombani kupanda Kwale. Ni hasara, kwani wengi wa watoto hao hawajapata kuona msitu wa asili kwa macho yao. Wamekariri kwenye vitabu tu kwamba miti huleta mvua.

Huku watayaona hayo yakitendeka. Vilima vya Shimba huinuka ghafla kutoka uwanda wa pwani hadi zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa baharini, ukiwa umesheheni unyevu, hugonga vilima hivi, hupanda, hupoa na kuangusha ukungu na mvua. Majani yaliyooza na mizizi iliyosokotana huyashika maji hayo kama pamba iliyolowa, kisha huyaachilia pole pole mpaka kiangazi. Ndiyo maana asubuhi, wakati watu wa Likoni wameanza kutoka jasho, mgeni wa Shimba Hills hutafuta sweta. Si Marere peke yake inayofaidi. Mto Mkurumudzi pia huanzia kwenye vilima hivi na kwenda kumwaga maji yake baharini karibu na Gazi.

Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu huu kuwa msitu wa serikali mwaka 1903. Mwaka 1968, sehemu yake kubwa ikafanywa kuwa hifadhi ya taifa ya wanyama. Leo unasimamiwa na Shirika la Wanyamapori nchini, KWS, pamoja na wenzao wa idara ya misitu.

Mwenye fahari kuu hapa ni palahala. Huyu ni mnyama wa jamii ya swara, mkubwa, mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea nyuma kama panga mbili za Kiarabu. Dume lililokomaa huwa jeusi ti, tumbo jeupe na uso wenye michirizi myeupe. Majike na ndama huwa na rangi ya hudhurungi. Nchini Kenya hakuna mahali pengine palahala anapoishi porini ila hapa. Si Mara, si Tsavo, wala si Amboseli. Anayetaka kumwona bila kuvuka mpaka sharti apande Kwale, na hata hapa idadi yake ni ndogo.

Jambo ambalo wageni hawalitarajii ni kwamba palahala si mnyama wa msitu mnene. Anataka nyasi. Shimba Hills si miti mitupu. Kuna mabonde na migongo ya vilima iliyo wazi, yenye nyasi, iliyozungukwa na misitu. Ikiachwa tu, vichaka huimeza nyasi na palahala akakosa chakula. Kwa hivyo mara kwa mara walinzi huchoma nyasi kuukuu, kwa mpango na kwa ulinzi, ili changa zichipuke. Mzazi akiona weusi wa moto mbugani asikimbilie kulaani majangili. Aulize kwanza.

Mbega nao ni wa kutafutwa juu. Ni kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani na mkia unaoning'inia kama kamba. Watoto watafurahi kujua kwamba mbega hana kidole gumba cha maana. Mkono wake ni vidole vinne tu, kama kulabu ya kurukia tawi hadi tawi. Aina hii ya mbega huonekana kwa wingi hasa huku Kwale, wala haizoei kushuka chini ovyo. Ukisikia kelele kama za mtoto mchanga anayelia juu ya miti, usishtuke, huyo ni hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa ajabu.

Kisha kuna chura. Naam, chura! Kuna aina moja ya chura mdogo sana wa majanini, mwenye madoa mekundu, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani ila Shimba Hills. Watu hutoka mbali kuja kumtafuta usiku kwa tochi, ilhali wenyeji wa Mombasa hawana habari naye. Msitu huu ukikatwa, hakuna kusema tutamleta mwingine kutoka nchi fulani. Hayuko.

Miti yenyewe ina historia. Mna mvule. Mna mbambakofi, ambao mbao zake ndizo mafundi wa pwani walizozithamini kwa milango ya nakshi na majahazi. Mna msandarusi, ambao utomvu wake ulikuwa bidhaa kubwa katika karne ya 19, ukisafirishwa ng'ambo kutengenezewa vanishi. Mzee wa Kidigo atawaeleza pia miti ya dawa, ikiwa mtampa muda wa kutosha na hamtamharakisha. Katika vilima hivi mna kaya pia, zile sehemu takatifu walikoishi mababu wa Mijikenda. Misitu ya kaya kadhaa za pwani ilitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Desturi ya kaya imekataza kukata hata kijiti tangu kabla ya kuja kwa sheria za serikali, na hiyo ni sababu moja iliyofanya misitu hiyo isimame mpaka leo.

Matembezi yanayopendwa zaidi ni ya kuteremka kwenye maporomoko ya Sheldrick. Magari huachwa juu, kwenye kilima cha ndovu, na mgeni huenda kwa miguu akiongozwa na askari wa wanyama mwenye bunduki. Ni mwendo wa kilomita mbili hivi. Njia hupita kwenye nyasi, kisha huzama msituni ambako jua huingia kwa matone tu. Sauti ya maji husikika kabla ya maji kuonekana. Maporomoko yenyewe huanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 20 na kutua kwenye kidimbwi cha maji baridi. Wengi huvua viatu wakaingia.

Kuteremka ni raha, kurudi ndiyo kazi. Kile kilima hakimwonei huruma baba mwenye kitambi. Chukueni maji ya kunywa, vaeni viatu vya kufunga, na mama asije na kandambili akisema ni matembezi tu. Jambo jingine ni nguo. Shimba Hills ina mbung'o, na mbung'o huvutiwa sana na rangi ya buluu na nyeusi. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki au kijani kilichofifia. Na kwa kuwa ni pwani, wanaotoka bara wasisahau kinga ya malaria.

Ndovu je? Wapo wengi, lakini tuambiane ukweli, hapa si Amboseli ambako ndovu hupangana mbele ya gari kama wanaopigwa picha. Wa Shimba hujificha msituni. Mnaweza kuzunguka siku nzima mkaona samadi mbichi na matawi yaliyovunjwa, basi. Asubuhi na jioni ndizo saa za bahati.

Lakini wako watu wanaowaona zaidi ya wanavyotaka, na hao ni wakulima wanaopakana na hifadhi. Ndovu mmoja mkubwa huweza kula kilo 150 za majani kwa siku. Kundi likiingia kwenye shamba la mahindi usiku mmoja, mwenye shamba ameshapoteza karo, chakula na mbegu za msimu ujao. Pengine hupoteza zaidi ya hayo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, lakini malalamiko ya waliosubiri miaka na mikaka bila kulipwa yamesikika kote nchini. Mtu wa mjini hupenda kumwita mkulima huyo adui wa mazingira. Ningependa kumwona yeye akilala macho akipiga debe usiku kucha kulinda vibaba vitatu vya mahindi.

Yamejaribiwa mengi. Ua wa umeme umewekwa. Ndovu, ambaye si mjinga, hujifunza kuangusha nguzo. Mwaka 2005, KWS iliwahamisha karibu ndovu 150 kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki. Walidungwa sindano ya usingizi, wakapandishwa kwenye malori kwa winchi na kusafirishwa. Ilikuwa kazi ya kutoa jasho na mamilioni ya pesa. Ilipunguza msongamano, haikumaliza ugomvi.

Jaribio linalostahili kusimuliwa kwa kirefu ni la Mwaluganje, kaskazini mwa hifadhi, upande wa barabara ya Kinango. Ndovu walikuwa wakipita hapo kila mara wakitoka msitu wa Mwaluganje kwenda Shimba na kurudi, na katikati ya njia yao palikuwa na mashamba ya Waduruma na Wadigo. Badala ya kuwafurusha watu au kuwaua ndovu, wenyeji waliunganisha mashamba yao yakawa hifadhi moja ya ndovu, iliyofunguliwa mwaka 1995. Mwenye ardhi huacha kulima hapo, na kwa malipo yake hupata mgao wa pesa zinazolipwa na wageni.

Fikiria, msomaji, uzito wa uamuzi huo. Mtu amekubali kuweka jembe chini, shamba la baba yake limekuwa njia ya ndovu, na tegemeo lake ni mgeni atakayekuja au asiyekuja. Wageni wakipungua, mgao hupungua. Na mgao ukipungua, wako watakaouliza kwa nini wasirudi kulima. Hata wakati wa janga la korona mwaka 2020, safari zilipokatika, tumbo la mwenye shamba halikwenda likizo. Kwa hivyo wanaopanda Shimba Hills kisha wakageuza gari bila kufika Mwaluganje wamekula nyama wakamwachia mwenye ng'ombe mifupa.

Na kuna cha kuona huko. Mabonde ya Mwaluganje ni makavu zaidi, yana mibuyu, na mara nyingi ndovu huonekana kwa urahisi kuliko Shimba yenyewe. Kuna pia kazi ya kutengeneza karatasi kwa samadi ya ndovu. Ndovu hula magome na nyasi lakini tumbo lake haliyeyushi nyuzi zote. Samadi hukusanywa, huoshwa, huchemshwa, hupondwa na kutandazwa juani, ikatoka karatasi nene za kutengenezea kadi na daftari. Mtoto atakayerudi na kadi hiyo darasani atakuwa na la kusimulia muhula mzima. Bila shaka wenzake watainusa kwanza.

Kufika si shida. Anayetoka Nairobi kwa reli hushukia Miritini, na barabara ya Dongo Kundu sasa humpeleka kusini bila kupanga foleni ya feri. Walio kisiwani wanaweza kupitia Likoni. Kutoka Kombani lami hupanda mpaka mji wa Kwale, na lango kuu liko kilomita chache mbele, kwenye barabara ya Kinango. Matatu za Kwale zipo, ila mbugani kunahitaji gari, kwa hivyo familia mbili tatu zikichanga na kukodi moja huko Ukunda itakuwa nafuu. Wakati wa masika njia za ndani huteleza, na gari dogo huenda likalala huko.

Ada hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu, na wananchi, watoto na wanafunzi wana viwango vyao. Shule ziandike barua mapema. Ombeni askari wa kuwaongoza kwenye maporomoko mara tu mnapofika langoni, kabla wengine hawajawatangulia. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Anayetaka kumwona palahala akilisha kwenye umande awe hapo linapofunguliwa.